Stellamaris na Kitufe Kilichokaa Kimya

"Binti, hebu tazama nje," alisema Mzee Castory, akimwonyesha dirisha la ofisi yake ya kitalu pale Kibaha. "Unaona nini?"

"Miche ya mikorosho, mzee."

"Mingi au michache?"

"Mingi."

"Haya, sasa tazama hicho kioo chako. Kinasemaje?"

Stellamaris hakuwa na haja ya kutazama. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimeandika kwa herufi nyekundu alizozichagua mwenyewe: MICHE IMEKWISHA. Huko nje, chini ya vivuli vya makuti, miche ilikuwa imesimama kwenye viriba vyake vya plastiki safu kwa safu, mibichi, inasubiri kupandwa. Hapa ndani mfumo wake ulikuwa umefunga mlango, na wakulima waliokuwa wakiagiza kwa simu walikuwa wanaambiwa warudi msimu ujao.

"Kwangu inafanya kazi vizuri, mzee," alijitetea. "Nimejaribu tena jana."

"Kwako!" Mzee alicheka kicheko kisicho na furaha. "Basi hamishia mikorosho kwako."

Zawadi, karani wa ofisi, aliinamisha kichwa ili asionekane anacheka.

Stellamaris aliletwa Kibaha na wazazi wake kutoka Ngara akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba yake alikuwa muuguzi aliyehamishiwa Pwani, na kama ilivyokuwa kwa wengi waliokuja kwa barua ya uhamisho, walipafanya kwao. Alikulia Mkuza, hapo hapo Kibaha. Shuleni hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, lakini alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake. Ukimwonyesha jibu la hesabu hakuuliza kama ni sahihi, aliuliza, "Umefikaje hapo?" Wakamwita Mama Umefikaje, na jina likamfuata hadi chuoni Dar es Salaam, alikosomea utengenezaji wa programu za kompyuta. Wengi wa wenzake walibaki mjini kutafuta ajira. Yeye alirudi Kibaha, akakodi chumba kidogo jirani na duka la vifaa vya shule, akabandika karatasi mlangoni: Tunatengeneza mifumo ya kompyuta na tovuti.

Mzee Castory alikuwa mteja wake wa kwanza wa maana. Aliomba vitu viwili. Kwanza, ukurasa wa mtandaoni ambao mkulima angeufungua kwa simu, aandike jina lake, kijiji chake na idadi ya miche anayoitaka, kisha abofye kitufe cha "Agiza". Pili, programu ya kukaa kwenye kompyuta ya Zawadi, ya kuvuta maagizo hayo na kuyapanga kijiji kwa kijiji ili lori lijue liende wapi na limebeba nini. Stellamaris alivitengeneza vyote kwa mapenzi, akichagua hata rangi kama mtu anayechagua kitenge cha harusi.

Maagizo yakaja. Yakaja mno. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mengi yalikuwa yamejirudia: jina lile lile, kijiji kile kile, idadi ile ile, yakifuatana. Mara nyingi yalikuja matatu matatu, kama mafiga. Kutoka Mlandizi na sehemu za mjini yalikuwa mojamoja, safi. Kutoka Maneromango, kule Kisarawe ndani, karibu yote yalikuwa matatu. Mfumo ulikuwa ukiyahesabu yote kuwa ya kweli, ndiyo maana miche "iliisha" huku imejaa uani.

Mwanzoni alidhani dawa ni rahisi. Aliuamuru mfumo ukatae jina likijirudia katika kijiji kimoja. Siku iliyofuata simu ya ofisi haikutulia. Ukoo mmoja una akina Salumu Abdalla kadhaa, wote wamerithi jina la babu, na kila mmoja ana shamba lake na mke wake wa kumlaumu. Akaiondoa sheria ile, akaweka nyingine: nambari moja ya simu, agizo moja. Hapo ndipo alipopigiwa na Bi Biasha, katibu wa kikundi cha wakulima cha Maneromango.

"Mwanangu, mfumo wako umenifungia nje."

"Pole, mama. Ulishaagiza kwa nambari hiyo."

"Niliagiza ya kwangu. Sasa naagiza ya jirani. Kwani simu ni ya mtu mmoja? Huku mtaani kwetu simu yenye intaneti ni hii hii, hata mgonjwa anaulizia dawa kwayo."

Akaiondoa na hiyo.

Ndiyo yaliyomfanya Mzee Castory amwite dirishani asubuhi ile. Mzee hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu wa miche, na miche haina subira. "Sikiliza, Stella," alisema, sasa kwa upole. "Masika imekaribia. Siwezi kutuma lori Maneromango kwa hesabu za uongo, likwame njiani na mzigo usio na mwenyewe. Mvua ya kwanza ya kueleweka ikinyesha, nauzima mfumo wako. Miche yao nitawapa watu wa Magindu. Wale wanakuja wenyewe, na gari lao."

"Na wa Maneromango?"

"Watasubiri mwakani. Wamechimba mashimo, najua. Nitafanyaje?"

Stellamaris alirudi kwenye kiti chake. Alikuwa ameusoma msimbo wa programu yake mstari kwa mstari hadi ukamtoka masikioni, na hakuona kosa. Akajiuliza swali lake la zamani: hayo maagizo matatu, yamefikaje hapo? Akatambua kwamba hajawahi kumwona hata mtu mmoja akiagiza. Siku zote alijaribu mfumo akiwa hapa, kwenye intaneti ya ofisi, ambako ukibofya tu jibu limeshakuja kabla kidole hakijanyanyuka.

"Mzee, ukienda kukagua mashimo Maneromango nichukue."

"Kufanya nini? Huko hakuna hata kiyoyozi cha kompyuta yako."

"Nataka kuangalia tu."

Walikwenda na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha ofisi, Mzee mwenyewe akiendesha, wakipita Kisarawe mjini kisha kuingia njia ya vumbi jekundu ambayo mvua kidogo tu huigeuza uji. Mzee alizungumzia mikorosho njia nzima. Stellamaris aliitikia, huku jicho lake likiwa kwenye simu: vijisanduku vya kuonyesha nguvu ya mtandao vilipungua, vikabaki viwili, kikabaki kimoja, mara kikatoweka, mara kikarudi.

Walifika kwa Bi Biasha jua likiwa limepanda. Mzee alisimama nje ya ua wa makuti.

"Hodi!"

Kimya. Kulisikika mchi ukitwanga mahali fulani nyuma ya nyumba.

"Hodi jamani!"

Mchi uliendelea. Mzee akakohoa, akapaza sauti. "Hodi wenyewe!"

"Karibu! Karibuni!" Bi Biasha alitokea akijifuta mikono kwenye khanga. "Nilikuwa na kisamvu kinuni, sisikii kitu. Mngeondoka?"

"Ningeondoka," Mzee alisema. "Ningekwenda kusema Maneromango wana maringo."

Stellamaris alimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyenifungia nje? Mbona mdogo hivi! Nilidhani jitu la mashavu." Akacheka, akawatolea mkeka barazani.

Mzee alipokwenda mashambani na wanakikundi, Stellamaris alimwomba Bi Biasha aagize mbele yake, kama anavyoagiza siku zote. Mama alichukua simu, akainyoosha kuelekea upande wa barabara ambako mtandao ulikuwa afadhali, akaandika taratibu jina la jirani yake Maua. Akabofya "Agiza".

Hakuna kilichotokea. Ukurasa ulibaki vile vile, kitufe vile vile. Mama alisubiri kidogo kwa adabu, akabofya tena. Bado. Akasubiri tena, safari hii akitikisa kichwa, akabofya mara nyingine. Kisha akaiweka simu mkekani.

"Imekataa. Nitajaribu jioni."

"Mama, kwa nini umebofya tena?"

"Si haikuitika?"

"Na kwa nini hukubofya ya nne?"

Bi Biasha alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula kwa mkono wa kulia. "Mwanangu, hukufundishwa? Hodi ni tatu. Ya kwanza huenda wako mbali, ya pili huenda wanavaa. Ya tatu wakinyamaza hawataki mgeni, nenda zako. Ukizidisha hapo wewe ni mdai au mwizi. Mimi nimewafundisha wenzangu wote hapa namna ya kuagiza: piga hodi zako tatu, isipoitika rudi baadaye."

Wakati huo huo simu ililia mkekani. Agizo limepokelewa. Ikalia tena. Agizo limepokelewa. Na tena. "Haya, imeitika," alisema mama. "Huwa inachelewa hivi, kisha inajirudia rudia."

Stellamaris alijishika kichwa, kisha akaanza kucheka, na Bi Biasha akacheka pamoja naye bila kujua wanachekea nini. Kumbe seva, ile kompyuta ya mbali inayopokea maagizo, ilikuwa ikisikia vizuri kila hodi, ila jibu lilichelewa njiani kwa unyonge wa mtandao. Na kwa kuwa yeye hakuifundisha kutambua kwamba anayegonga ni mgeni yule yule, kila hodi ilifunguliwa mlango kama mgeni mpya. Hakuna aliyekosea isipokuwa kitufe chake, kilichoguswa na kikakaa kimya kama nyumba yenye watu wasiojibu.

Alifungua kompyuta yake pale pale barazani, akaunganisha na mtandao wa simu. Kazi ilikuwa na pande mbili. Kwa upande wa mkulima, kitufe kikiguswa tu kijifunge na maneno yatokee papo hapo, bila kungoja seva: "Agizo linatumwa. Subiri kidogo." Kwa upande wa seva, kila fomu inapofunguliwa ipewe alama yake ya pekee. Zikija fomu tatu zenye alama moja, hilo ni agizo moja lililogonga mara tatu. Bi Biasha akifungua fomu mpya kwa ajili ya jirani, alama ni nyingine, hata kama simu ni ile ile na jina ni la Salumu Abdalla mwingine.

Jaribio la kwanza lilimtia aibu. Bi Biasha alibofya, kitufe kikajifunga vizuri, maneno yakatokea vizuri, mtandao ukakatika, na kitufe kikabaki kimefungwa moja kwa moja.

"Sasa umenifungia ndani," alisema mama.

"Nakuja kukufungulia, mama, usijali."

Akarekebisha: jibu likichelewa mno, kitufe kifunguke na kuomba mtu ajaribu tena, kwa alama ile ile. Walijaribu mara nyingi wakiwa barazani, wakajaribu nyuma ya nyumba penye mtandao dhaifu zaidi, hata jikoni penye moshi. Kisamvu kikaiva, wakala, wakajaribu tena. Mzee Castory aliporudi na vumbi hadi magotini, aliwakuta wamekaa kichwa kwa kichwa juu ya simu moja.

"Mashimo wamechimba vizuri," alitangaza. "Na wewe?"

"Agiza mche mmoja, mzee. Kisha gonga unavyotaka."

Mzee aligonga kitufe kwa kidole chake kinene. Maneno yakatokea. Akagonga tena kwa ukaidi, kitufe hakikumjali. Baada ya muda simu ikalia mara moja tu. Agizo limepokelewa. Alisubiri mlio mwingine, haukuja.

"Hm," alisema Mzee Castory, na kwa wanaomfahamu hilo ni neno kubwa.

Walikuwa bado na usafi wa kufanya. Kesho yake Stellamaris na Zawadi waliyapitia maagizo ya zamani. Yaliyofuatana kwa karibu na kulingana kwa kila kitu waliyaunganisha, na pale walipoona shaka walimpigia mwenyewe kumuuliza badala ya kubahatisha. Siku hiyo hiyo Zawadi alipata ujasiri wa kusema jambo alilolinyamazia muda mrefu.

"Dada Stella, na hii ya kwangu inaganda. Nikivuta maagizo dirisha linakuwa jeupe. Nikibofya bofya ndio linakufa kabisa."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni mimi sijui kompyuta."

Stellamaris aliona haya. Lilikuwa tatizo ndugu wa lile la Maneromango. Programu ilikuwa ikifanya kazi nzito ya kuvuta maagizo kwa mkono ule ule uliopaswa kumhudumia Zawadi, kama mpishi aliye peke yake anayeacha wageni mlangoni kwa sababu anasonga ugali. Akaihamishia kazi ile pembeni, dirisha likabaki hai, na mstari mdogo ukawa unajaa taratibu kuonyesha ilipofika. Zawadi alibofya huku na huko kwa raha, bila sababu yoyote, kwa kuwa tu sasa iliwezekana.

Herufi nyekundu zilitoweka kwenye kioo. Maneromango walirudi mfumoni, na miche ikawatosha.

Mvua ya kwanza ya kueleweka ilinyesha alfajiri. Stellamaris alitoka Mkuza na mwavuli, akakuta lori limeshafika kitaluni na vijana wanapakia viriba, Mzee Castory akiwakemea wasishike miche kwa shingo. Karatasi ya safari mkononi mwake ilikuwa imetoka kwenye mashine ya Zawadi, na jina la juu kabisa lilikuwa Maneromango.

"Na watu wa Magindu, mzee?" Stellamaris aliuliza.

"Nimewaambia waagize kama wengine." Mzee hakumtazama; alikuwa anahesabu safu. "Watakupigia wakishindwa. Nimewapa nambari yako."

Lori liliondoka likitapanya maji. Mchana, ujumbe wa Bi Biasha uliingia.

"Mwanangu miche imefika salama tunapanda sasa hivi mvua inatunyeshea. Mmoja umevunjika. Nimetafuta kwenye mfumo wako mahali pa kusema umevunjika sijapaona. Na Maua anauliza kama mnaweza kuweka na minazi."

Stellamaris aliusoma akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti, akafungua kompyuta, na kuanza kutengeneza mahali hapo.