Wapishi Wawili, Bata Mzinga Mmoja

Mama Uji hakujua kikwaruzio kinakaa wapi. Alifungua droo ya kwanza akakuta vijiko, ya pili akakuta mishumaa, kamba na visu vya kukatia ngozi. Akabaki kasimama katikati ya jiko lake mwenyewe, mikono kiunoni, kama mgeni aliyeambiwa ajisikie yuko kwake.

"Kipo nyuma ya mlango, kwenye msumari," mumewe akasema bila kugeuka. "Hapo hapo siku zote."

Jina la Mama Uji alilipata hospitalini. Alianza kazi huko akiwa msichana, anasugua sakafu ya jiko la wagonjwa, mpaka asubuhi moja mpishi wa uji akaamka na homa, yeye akakabidhiwa mwiko. Uji ukatoka laini, bila donge hata moja. Hakurudi tena kwenye ufagio. Akapanda taratibu mpaka akawa mkuu wa zamu, na kila sikukuu ilipofika, yeye alikuwa kazini. Wenzake wenye watoto wachanga walimjia na maneno matamu, naye alizichukua zamu zao. Nyumbani aliilaumu ratiba, lakini moyoni alipenda kwenda. Mgonjwa anayebaki wodini siku ya sikukuu ni yule asiyeweza kabisa kwenda kwao, na Mama Uji hakutaka mtu wa namna hiyo apelekewe chakula kilichopoa.

Basi nyumbani sikukuu ikawa ya mumewe. Yeye alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mkewe akiwemo. Mwanzoni aliunguza kila alichokigusa. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikula wali wenye ukoko chini na mchele mbichi juu, kisha akaenda kumalizia njaa kwa jirani. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kukata tamaa. Mwaka baada ya mwaka mkono ukakaa sawa, mpaka binti alipoolewa alimsimulia mumewe habari za kuku wa sikukuu wa baba hadi mume akaanza kumeza mate.

Mwaka huu Mama Uji alistaafu. Wenzake wakamzawadia sufuria la chuma, jeusi tii, nene pande zote, na mfuniko wenye ukingo kama sinia. Fundi alipolibeba kutoka mlangoni alisema watu hawa wamemwachia mkewe apumzike, sasa wanataka mgongo wa mumewe. Likakaa kwenye kona bila kazi, hadi jana jioni mkwe wao, ambaye ni mfugaji, alipoleta bata mzinga. Ndege alikuwa ameshachinjwa na kunyonyolewa, mnene, kifua kimejaa kama mto wa kulalia.

Asubuhi hii ya sikukuu ubishi ukaanza. Fundi alinoa kisu, tayari kumkata vipande na kumkaanga kama alivyofanya kwa kuku wake wote. Mama Uji akaweka mkono juu ya ndege.

"Huyu hakatwi."

"Utampikaje, sasa? Tanuri hatuna."

"Sufuria lipo. Makaa chini, makaa juu."

"Kwa nini ujitese, mke wangu? Vipande vinaiva upesi."

"Fundi, maisha yangu yote nimekata nyama vipande vidogo vidogo ili iwatoshe watu. Leo nataka ndege aje mezani mzima, watu wamwone."

Fundi akamtazama, akakirudisha kisu mahali pake. Hakuhitaji maelezo zaidi.

Mama Uji akajifunga kanga kiunoni. Alisaga vitunguu saumu, akavichanganya na siagi, pilipili manga na maganda ya ndimu aliyoyakwaruza, kisha akapitisha vidole chini ya ngozi ya kifua polepole isichanike, akaupaka mchanganyiko ule mpaka ndani. Kitunguu kizima na nusu ya ndimu vikaingia tumboni. Mwisho akachota chumvi kwa ncha za vidole, akanyunyiza, akafunika kopo.

Fundi akatoa macho. "Hiyo chumvi ya nani?"

"Ya ndege."

"Ndege mzima? Mama Uji, hapa hakuna mwenye presha. Hii siyo wodi."

Mama Uji akaangalia kopo, akaangalia vidole vyake, akaangua kicheko. Kweli, mkono ulikuwa umeshazoea. "Haya, tia wewe."

Fundi akatia, kwa ukarimu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile wakawa wapishi wa chungu kimoja.

Wakambeba bata mzinga mpaka kwenye sufuria. Akaingia, ila kifua kikabaki kimechomoza juu ya ukingo, na miguu imenyooka kama ya mtu aliyelala kitanda cha mtoto. Mfuniko ulipowekwa ukacheza huku na huku. Mama Uji alijaribu kumgeuza kwa ubavu, wapi. Akamsimamisha, wapi. Jasho likamtoka. Aliwaza kwamba sasa mumewe ataenda kukichukua kisu, na ana haki.

Fundi hakwenda kuchukua kisu. Alivaa miwani, akainama kama anayepima soli.

"Mguu mkubwa, kiatu kidogo," akasema. "Wananiletea hivi kila siku."

Akamtoa ndege, akamlaza juu ya ubao, akaweka viganja viwili kifuani na kukandamiza kwa uzito wake wote mpaka mifupa ya ubavu ikalia ko!

"Usinivunjie!"

"Simvunji, namlainisha."

Mabawa akayakunja nyuma ya mgongo. Kisha akaleta uzi mpya wa pamba na sindano nene, akaichemsha kwanza maana mkewe alikuwa anamkodolea macho, akashona tumbo kwa mshono wake wa buti na kuifunga miguu pamoja, ikabanana na mwili. Waliporudisha ndege, mfuniko ukakaa kimya. Mama Uji akaubonyeza kwa kidole, haukutikisika. Akampiga mumewe kofi dogo la mgongoni, na Fundi akatembea kifua mbele mpaka uani.

Huko uani jiko la mkaa lilikuwa limeshakolea. Walipasha mafuta, wakambabua ndege kifuani hadi akawa rangi ya asali, wakamgeuza wakishirikiana kama watu wanaohamisha kabati. Wakampangia karoti na viazi pembeni, wakamwagia kikombe cha maji, wakafunika. Kisha Mama Uji akachukua koleo, akapalia makaa juu ya mfuniko, mengi ukingoni, machache katikati.

Binti na mkwe wakafika wakati harufu imeshavuka ukuta na jirani ameshauliza mara mbili kuna nini.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Baba."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni, chakula ni sasa hivi."

Hakikuwa sasa hivi. Saa ya chakula ikafika, ikapita. Mama Uji alipofunua na kuchoma paja kwa uma, maji yakatoka bado mekundu. Hospitalini kengele ikilia, mikokoteni ya chakula iko mlangoni, na mpishi aliyechelewa alisikia maneno ambayo hakuyasahau. Alifunika tena, akapangusa mikono, akaingia ndani akiwa amenyong'onyea.

"Jamani, mtanisamehe. Chakula kimechelewa."

"Kimemchelewea nani, Mama?" binti akauliza. "Kuna mtu anasubiri dawa zake?"

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Binti akanyanyua kiti chake, mumewe akanyanyua vingine, wakaenda kukaa uani kulizunguka sufuria, na Mama Uji akavutiwa kigoda. Wakapiga soga. Binti akasimulia wali wa ukoko, Fundi akakana kila kitu.

"Halafu Baba hakuniruhusu kabisa kugusa paja," binti akasema. "Kila sikukuu anasema, hilo la mama yako, weka sahani, funika."

Mama Uji aliikumbuka ile sahani. Aliikuta mezani kila aliporudi, akala amesimama, bado na aproni ya kazini. "Na mimi nikadhani hampendi paja," akasema.

"Nani asiyependa paja?" Fundi akauliza, huku akipuliza makaa kwa bidii kuliko yalivyohitaji.

Mara iliyofuata maji yalitoka meupe. Wakamwopoa kwa miiko miwili, ngozi imekauka vizuri na kung'aa, wakampandisha kwenye sinia. Bawa moja lilibaki ndani ya sufuria, likarudishwa mahali pake na hakuna aliyelisema. Alipowekwa mezani watu wote wakasogea kumtazama. Mkwe alisema hajui kama ni yule yule aliyemfuga.

Mama Uji akashika kisu, akaanza kupanga sahani, vipande sawasawa, karoti sawasawa, amesimama wima.

"Mama, kaa," binti akasema.

"Nagawa kwanza."

"Tutajichukulia wenyewe. Kaa, kinapoa."

Akakaa. Binti akamwekea kipande cha paja, mvuke ukampanda usoni. Nyama ilikuwa laini, inaachana na mfupa bila kuombwa, ndimu inasikika kwa mbali, na chumvi ipo. Alitafuna taratibu. Alimtazama mumewe, aliyekula bila kuinua kichwa.

"Sema basi."

"Niseme nini na mdomo umejaa?"

Alasiri, mkwe alijitolea kuosha vyombo, akavunja kikombe kimoja tu. Fundi alichambua mabaki, akakusanya mifupa yote kwenye bakuli.

"Kesho tunapika supu," akasema. "Inataka kuanza alfajiri."

Mama Uji alikuwa amenyoosha miguu juu ya kigoda, macho yamefumba nusu. "Anza tu," akajibu. "Mimi kesho nalala mpaka nichoke."