Mpaka Gogo Linywe Maji

Naikumbuka vizuri ile asubuhi, mwanangu, shemegi yangu Nassor alipofika shambani kwetu Samad na dereva wa katapila. Walikuja kutazama njia ya kulipitisha hadi kwenye nyumba yetu ya magogo, waibomoe yote. Salim, mume wangu, alikuwa amekaa barazani palepale, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nyumba ile aliijenga yeye. Alisoma nchi za baridi, akazipenda nyumba za huko za magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, na aliporudi akaagiza magogo yake kwa meli, akayapanga baina ya mitende yetu. Watu wa Samad walicheka, wakasema mti hautaliweza jua la hapa. Uliliweza, kwa sababu Salim hakuchoka kuupaka ile rangi ya mafuta inayoingia ndani. Halafu akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikafa, na maneno yakamkataa isipokuwa machache. Sote tukashughulika na hospitali, nyumba ikasahaulika. Ukuta wa kusini rangi ikabanduka magamba magamba, magogo yakageuka kijivu na kupasuka.

Nassor hakuwa mtu mbaya, usije ukamdhania hivyo. Aliona nyumba inaoza na ndugu yake mgonjwa yumo ndani, akataka kumjengea ya matofali. Mimi nikasimama mbele ya dereva.

"Shemegi," nikamwambia, "hapabomolewi kitu. Nipe mpaka baridi iishe."

Alinitazama kama aliyesikia mzaha, lakini aliondoka.

Nilikuwa kijana bado, nina nguvu na haraka. Nikenda mjini Ibra kununua rangi, nikapanda ngazi, nikaanza kupaka juu ya vumbi na magamba yake. Iddi ilikuwa inakaribia, na nilitaka wageni waikute nyumba inang'aa, wasimwonee Salim huruma. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, akatoka ndani na bakora yake. Alikulia Unguja mjini kabla ya kuvuka bahari kuja huku, na alikuwa na ile sauti ya chini ambayo ukiisikia tu unateremka. Akaniuliza kama nimemshauri mwenye nyumba. Nikamjibu kuwa Salim hawezi kazi tena, nisingependa kumsumbua.

"Asya," akasema, "mwanangu amekufa mkono, hakufa akili. Shuka ukamuulize."

Nikashuka. Nikamsukuma Salim na kigari chake cha wagonjwa mpaka ukutani. Aliitazama kazi yangu, kisha akapeleka mkono wa kushoto akaichokoa rangi mpya kwa ukucha. Ikatoka yote pamoja na gamba la zamani lililokuwa chini yake. Akaniashiria maji, nikampa kikombe, akalinyunyizia gogo. Matone yakakaa juu, yakateleza yakaanguka. Rangi ya zamani ilikuwa bado inayakataa, na kama inayakataa maji, ile mpya nayo ingepita wapi?

"Bado," akasema.

Hapo ndipo nilipomwona tena mume wangu. Miezi yote ile nilikuwa namlisha na kumfunika shuka tu.

Basi tukaanza upya, yeye kigarini na mimi ngazini. Tuliosha vumbi na ukungu kwa sabuni na burashi laini. Nassor, alipoona sitanii, akaleta mashine ya maji ya kasi. Akaijaribu pembeni ikachimba mti ukabaki na manyoya, na Salim akaikataa. Nilikwangua kwa chuma, nikapiga msasa nikifuata nyuzi za mti zinavyolala, mpaka mabega yakaniuma na viganja vikachubuka. Kulikuwa na gogo moja chini ya dirisha. Salim alilichoma bisibisi, ikazama. Mimi nilikuwa tayari kuliziba nipite, nani angejua? Yeye akashika gurudumu la kigari hakutaka kuondoka pale. Nassor mwenyewe ndiye aliyekata pahala palipooza na kupachika mti mzima, na tokea siku hiyo hakulitaja tena katapila. Nyufa zilizotazama juu tukazitia ile dawa inayobaki laini kama mpira, mvua isipenye. Kisha tukauacha ukuta ukauke.

Iddi ikatukuta nyumba iko uchi, ina viraka. Wageni wakala nyama ya shuwa, ile iliyookwa shimoni, mbele ya ukuta uliokwanguliwa, na wengine walitusikitikia waziwazi. Sikuona haya. Salim alikuwa akiwashika mikono mmoja mmoja, akiwapitishia viganja juu ya gogo wausikie ulaini wake.

Asubuhi moja, baada ya wageni kutawanyika, akanyunyiza maji kama kawaida yake, na matone hayakuteleza. Yalizama, gogo likapiga weusi pale pale. Salim akatabasamu kwa upande mmoja wa uso. Nikamtilia burashi mkononi, na rangi ya kwanza aliipaka yeye, kwa mkono wa kushoto. Mama yake alisimama nyuma ya kigari, analia bila ya sauti.

Aliishi mle miaka mingine mingi, na kila ukuta ulipotaka kupakwa msimamizi alikuwa yeye. Mungu amrehemu.

Sasa nawe, mwanangu, una nyumba yako na watu wako. Kitu kikichakaa usikifunike. Kioshe, kikwangue, kitoe kilichooza hata kama wageni wako mlangoni, na ukipe muda wa kukauka. Hakuna atakayekusifu kwa kazi hiyo, na utachoka, lakini usiiache nusu. Bila ya hiyo, rangi haishiki. Na ukiwa na mgonjwa, usimhudumie mpaka ukamsahau. Muulize. Mwachie kazi anayoiweza, iwe ndogo namna gani, na umtii katika hiyo.

Mwenyezi Mungu akupe nguvu ya kuanza upya panapohitaji kuanzwa upya, auhifadhi mlango wako na wote walio ndani yake, na azeeke kila mtu wako akiwa na neno lake nyumbani. Amin.