Viatu vya Wageni na Uso Wangu Ukutani

Jamani, mwenzenu nilipekuliwa mkoba mbele ya picha yangu mwenyewe. Ndiyo, yangu, uso ukutani mkubwa kama sinia, na chini yake nimesimama peku naulizwa viatu vya watu nimevipeleka wapi. Aibu ile haijaniisha, na nikikumbuka damu inanichemka.

Mchoraji ni Mhindi wa hapahapa Joburg, Bwana Kishore. Alinikuta kwenye cherehani yangu Jules Street, akaomba anichore, akaniweka kitako wiki nzima huku akinihubiria kwamba binadamu wote ni mmoja. Kuchora anajua, simnyimi haki yake: pichani tulikuwa watu watano duarani, kila mmoja na macho marefu yale ya picha za Kihindi za kale, dhahabu imepakwa pembezoni, ila ngozi kaijaza rangi ya mafuta na vivuli kama wafanyavyo Wazungu, ukitazama unasema huyu atapumua sasa hivi. Uso wangu aliumalizia siku mbili tu kabla ya maonyesho.

Siku ya maonyesho nikamwalika mama mkwe. (Huyu, mjue, ni Mzulu wa hukuhuku Afrika Kusini, alikaa Morogoro enzi za kupigania uhuru wao, akala ugali wetu mpaka akanenepa, Kiswahili anakimwaga, lakini mimi mke wa mwanawe kwake ni "yule mgeni wa Tanga", miaka yote.) Nikasema leo ataniona ukutani, ataniheshimu.

Sasa Bwana Kishore alitaka kila mtu avue viatu mlangoni, desturi ya kwao, na kwetu Tanga vilevile. Lakini wageni wake, lo! Wamevitupa ovyo, kimoja huku kingine kule, na mimi nimelelewa kwamba viatu vya wageni vikikaa vibaya ni aibu ya nyumba. Kiherehere changu! Nikainama nikaanza kuvipanga. Aliyeingia akanikuta nimechutama, akaninyooshea vyake. Wa pili akaniongezea na koti. Nikapokea, maana niliona haya kusema kwamba nami nimealikwa. (Haya za nini? Mjinga mimi!)

Mara akatoka mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu, anataka viatu vyake vyeusi, havipo.

"Wewe si ndiye mtunza viatu?"

Nikamwambia mimi ndiye yule pale ukutani. Akatazama picha, akanitazama, akacheka, akaniamuru nifungue mkoba. Nikamtafuta Bwana Kishore kwa macho. Alikuwa palepale karibu anaongea na mnunuzi, macho yetu yakakutana kabisa, naye akageuza shingo. Mkoba ukamwagwa sakafuni: pini, futi, pedi, kila kitu.

Ndipo mama mkwe akatoka chooni, viatu vyeusi miguuni. Yeye choo cha watu haingii peku, alikuwa amechomeka miguu kwenye vilivyokuwa karibu. Akaona vitu vyangu chini, akaelewa. Akavivua, akavisukuma kwa mguu hadi kwa yule mwenye miwani.

"Nimevivaa mimi. Haya, nipekue na mimi."

Sasa Bwana Kishore akaja mbio na tabasamu. "Eish, dada, bahati mbaya tu. Sote hapa ni familia moja."

"Familia? Wiki nzima umenikodolea macho, leo hunijui?" Nilifoka mpaka wapita njia wakachungulia. Nikavuta khanga yangu ya begani nikaufunika ule uso ukutani, nikaikandamiza kwa viganja viwili, asiutazame mtu tena. Kumbe rangi ya mafuta haikauki upesi! Khanga ilipotoka, ilitoka na pua yangu na jicho moja. Ukumbi mzima ukaguna, na mimi nimesimama na uso wangu mkononi, nalia kwa hasira.

"Makoti," akasema mama mkwe (makoti kwa Kizulu ni mke wa mwana, hajawahi kuniita hivyo), "okota vitu vyako twende."

Ile khanga ameitundika sebuleni kwake, hataki ifuliwe. Bwana Kishore alipiga simu, ati nikakae tena anichore pua upya. Achore ya kwake! Na mimi siku hizi nikifika kwa watu navua viatu vyangu, navibana kwapani. Vya wengine vijipange vyenyewe.