Nakala ya Mama Mkwe

Mche wa kwanza niliung'oa kwa hasira. Wa pili pia. Kuanzia wa tatu nilikuwa nang'oa kwa utaratibu, mtoto mgongoni, jembe nimelilaza pembeni, nikiipanga miche chini kama wahalifu. Ilikuwa mikaratusi, urefu wa kiganja, imepandwa katikati ya njugu mawe zangu. Viriba vyake vyeusi vilitupwa palepale juu ya majani ya njugu. Hata kuokota takataka zao hawakujali.

Asiyejua mambo ya huku Muleba atasema ni miche tu. Shamba langu liko rweya, ile nyika ya majani iliyo nje ya vibanja vya migomba, ambako wanawake tunalima njugu na kukata majani ya kutandika ndani ya nyumba. Rweya mwanamke atalima mpaka azeeke na hakuna atakayemuuliza, kwa sababu njugu hazimfanyi mtu awe mwenye ardhi. Unavuna, zinakwisha. Mti ndio unaokaa. Mwanamume akishapanda mti, pale ni pake, na pa wanawe wa kiume, na pa ukoo.

Na kile kipande nilikinunua mimi, kwa cherehani niliyokuwa naikanyaga Miembeni, mjini Bukoba, baada ya kumaliza kidato cha nne. Mchumba wangu alikuwa wa Muleba, nikaona ninunue huku nitakakoishi. Lakini sikununua kijinga. Mama yangu alipofiwa na mume, kule Kashozi, alitolewa kwenye kibanja alichokipalilia maisha yake yote, akaondoka na mkeka na sufuria mbili. Nilikuwa darasa la sita. Sufuria moja niliibeba mimi.

Kwa hiyo walipoleta posa nilisema nitaolewa, ila tuandikiane kwanza.

Shangazi yangu alicheka hadi akashika mbavu. "Unaolewa au unakodishwa? Mtu anaandikiana na mumewe kama wanauziana ng'ombe?"

"Ng'ombe mngeandikiana bila kucheka," nilimjibu.

Tuliandikiana ofisini kwa mtendaji wa kijiji, mambo matatu. Kipande cha rweya ni cha mke. Hakitapandwa kitu cha kudumu mpaka mke akubali na kutia saini. Mume akitangulia, au wakiachana, ukoo usikiguse. Mchumba wangu alitia saini huku akitabasamu, kama mtu anayemridhisha mtoto. Mama yake alikuwa shahidi. Hajui kusoma, akaweka dole gumba. Mtendaji alipogonga mihuri kwenye nakala mbili, yule mama akasema, "Na yangu?"

"Utaisoma lini, Mama?" mwanawe akamuuliza.

"Sitaisoma. Nitaitunza."

Watu wakacheka tena. Akapewa ya tatu. Kabla hatujatoka akamwomba mtendaji amsomee mara mbili zaidi, polepole. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kuonyesha gauni la harusi, sikufikiria.

Hayo yalikuwa miaka minne kabla ya ile miche.

Nilirudi nyumbani nimeibeba yote kwenye kanga. Mume wangu anaendesha bodaboda mjini, amepanga chumba Kashai, na wiki hiyo alikuwa amekuja. Nilimkuta uani anakunywa chai ya mchana, mama yake kando anamenya ndizi. Niliimwaga miche miguuni pake.

"Nani kapanda hii?"

"Mimi na kaka. Tulia basi, mama mtoto. Ni nguzo za umeme hizo, za baadaye. Ni za huyo huyo mtoto unayembeba."

"Mtoto huyu ni wa kike. Ukoo wenu utampa nguzo?"

Nikaingia ndani nikatoa nakala yangu, nikamsomea jambo la pili, neno kwa neno. Akaniomba aione. Nikampa. Huo ndio upumbavu wangu na ninauandika hapa bila kuuficha. Akaisoma, akaikunja vizuri, akaisukuma chini ya sufuria, kwenye moto.

"Mkataba uko wapi sasa?" akauliza. "Yangu nilishaipoteza zamani."

Sikulia. Nilikuwa natafuta kitu cha kushika, na sijui ningeshika nini. Mama mkwe akaweka kisu chini, akajipangusa utomvu wa ndizi, akaingia chumbani kwake. Alirudi na kopo la bati. Ndani mlikuwa na cheti chake cha ubatizo, rozari, na kitu kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba. Akalifungua jani.

Mume wangu alicheka kidogo. "Mama, umeigeuza. Kichwa chini."

Kweli alikuwa ameishika juu chini. Hakuigeuza. Akaweka kidole kwenye mstari, mstari usio wenyewe, akaanza. Jambo la kwanza. La pili. La tatu. Kwa Kiswahili cha ofisini, yeye ambaye Kiswahili anakisema kwa mgeni tu. Hakuruka neno. Hata maneno "mbele yangu" ya mtendaji aliyasema, na kijiji, na wilaya. Nilisoma miaka kumi na moja, nimekariri vitu vya mitihani nikavisahau wiki ileile, na sijawahi kumwona mtu akiishika karatasi kichwani namna ile.

Alipomaliza akaikunja. "Bojo, mwanangu, unaona ile miti ya bondeni?" akaniuliza.

Ile miti naipita kila siku nikienda kisimani. Shina moja watu wawili hawalikumbatii. Ukisimama chini yake huoni kilele, na upepo ukija unasikia kama mvua inakuja kutoka ziwani.

"Pale zilikuwa njugu zangu," alisema. "Baba yake huyu alipanda nikiwa mzazi, sijatoka ndani."

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe ndiye mtoto niliyekuwa nimemzaa."

Mume wangu aliangalia chai yake. Mimi nilikuwa natazama bondeni, na kwa mara ya kwanza niliiogopa ile miti, na nikamwogopa zaidi mwanamke aliyeipita miaka yote hiyo, kuni kichwani, akingoja karatasi.

Kesho yake asubuhi tulitembea pamoja hadi ofisi ya kata. Karani alitaka nimwachie nakala halisi. Mama mkwe akamwambia kwa heshima, "Piga fotokopi, waitu. Hii inarudi kwenye kopo." Akapewa kiti, akaliweka kopo mapajani. Nikaandika:

"Kwa Baraza la Kata. Mimi mlalamikaji ni mke wa ndoa wa mlalamikiwa. Kabla ya ndoa tuliandikiana mkataba, na nakala yake imeambatanishwa. Mlalamikiwa amepanda miti katika shamba langu la rweya bila ridhaa yangu, kinyume cha jambo la pili. Naomba Baraza limwite, limwamuru asipande tena, na liandike kwamba shamba hilo ni langu. Nakala yangu aliichoma. Nakala hii inatunzwa na shahidi wangu, ambaye ni mama mzazi wa mlalamikiwa. Yuko tayari kuja siku yoyote atakayoitwa. Hapa chini ameweka dole gumba."