Mgeni Aliyepanga Bei ya Nyumba Yetu

Kabla hujasema huyu dada anaota mchana, nenda kwanza Tangini, pale Kibaha, uulizie nyumba yenye tangi la chini uani. Watakuonyesha. Hakuna mtu aliyekuwa akijua kama tangi lile lipo, isipokuwa mama yangu peke yake, na yeye hakuwahi kulitaja tangu mimi nikiwa natambaa. Sasa mimi nililijuaje? Hicho ndicho kisa chenyewe. Nitakusimulia kama kilivyonipata. Ukiamini sawa, usipoamini, tangi lipo na lina maji.

Nyumba ile ilikuwa ya baba. Alikuwa karani wa stoo serikalini, si mtu wa mshahara mkubwa, akaijenga taratibu, tofali kwa tofali, nyingine akizifyatua mwenyewe Jumapili. Alipofariki, mama alijaribu kukaa mle peke yake akashindwa. Akarudi kwao Vihingo, kule Kisarawe ndani, kwenye mihogo na mikorosho waliyoiacha wazazi wake. Nyumba ikabaki na popo.

Halafu nyonga ya mama ikaharibika. Daktari akasema dawa za kutuliza zimefika mwisho, lazima apasuliwe. Mimi na mdogo wangu Shabani tulikaa, tukatazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme. Mama ndiye aliyesema.

"Iuzeni. Ukuta hautanitembeza."

Shabani hakuchelewa kupata mnunuzi. Bwana mmoja mwenye gari jeusi, mwenye maneno laini, alikuwa tayari kutoa milioni thelathini na tano. Alitaka jambo moja tu, apewe hati mapema akaihakiki kabla ya kulipa. Shabani akaniambia dada, tuchukue, mama anateseka. Na kweli alikuwa anateseka. Lakini moyo wangu ulikuwa mzito. Wewe umewahi kuuza nyumba uliyojifunzia kutembea? Unaanzaje kuipangia bei? Nilimwomba Shabani anipe muda kidogo, nikachukua likizo kazini Dar, nikaenda Tangini kuisafisha. Mfanyakazi mwenzangu akanipa namba ya dalali wa Kibaha, mtu anayesifika kwa kukadiria bei vizuri. Tuliongea kwenye simu tu, sura yake siijui. Akasema Alhamisi alasiri atafika.

Basi nikaanza kazi. Nikatoa magodoro yaliyooza, nikang'oa nyavu za madirisha zilizoshika kutu, fundi akaziba dari walipokuwa wakiingilia popo, sebule tukaipaka rangi ya krimu. Ile Alhamisi fundi aliondoka mapema, alikuwa na msiba. Nilipobaki peke yangu nikafunga geti kwa mnyororo na kufuli, maana komeo lilikuwa limelegea na mbuzi wa mtaa walikuwa hawasubiri kukaribishwa. Kumbuka hilo la mnyororo.

Nilikuwa nafuta matone ya rangi sakafuni niliposikia hodi barazani.

Kijana wa kama miaka thelathini. Shati jeupe la mikono mifupi, lililofuliwa mpaka likawa jepesi, kalamu mfukoni, suruali imenyooshwa vizuri, lakini viatu vimejaa vumbi la saruji. Sura yake niliiona kama naijua, nikadhani labda tumewahi kupishana sokoni.

"Karibu, kaka," nikasema. "Wewe ndiye wa hii nyumba?"

Akatabasamu. "Ndiyo, mimi ndiye wa hii nyumba. Tuanzie wapi, mama?"

Neno hilo lilinichoma kidogo. Baba ndiye aliyekuwa akiniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake mzazi. Lakini siku hizi hata muuza nyanya anakuita mama, nikalipuuza, nikamwambia tuanzie sebuleni.

Hakuitazama rangi hata kidogo. Alikuwa anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa, anasikiliza, anasogea, anagonga tena. Nilianza kumfuata nikiwa na haraka, nikajikuta na mimi nasikiliza. Sijui nilitegemea kusikia nini.

"Rangi umeionaje?" nikamwuliza.

"Nzuri. Ila usiiweke kwenye bei. Atakayenunua atapaka yake. Bei ni msingi, barabara na maji."

Kwenye korido alichuchumaa, akatazama sakafu kwa mbali jinsi mwanga ulivyokuwa ukiilalia, akacheka peke yake. Nikamwuliza kuna nini. Akasema sakafu hii imeinama kidogo kuelekea mlangoni, aliyeimwaga alikuwa anajifunza. Alipofika chumba kilichokuwa changu hakuingia. Alisimama mlangoni na mikono nyuma.

"Hapa analala mtoto," akasema.

"Alikuwa analala. Mtoto mwenyewe ndiye mimi."

Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mwanaume mwingine angeniangalia vile ningemtoa nje. Yeye sikuona ubaya wowote machoni mwake, niamini. Nikajikuta namwuliza kama anataka kuona uani.

Uani ndipo aliponishangaza. Hakuzunguka kama mgeni. Alikwenda moja kwa moja kati ya ukuta na mpapai, mahali palipoota majani ya kawaida tu, akapiga chini kwa kisigino. Pakaitika. Sauti ya uwazi, kama unagonga mtungi mtupu.

"Unasikia?"

"Kuna nini hapo?"

"Tangi. Maji ya mvua yote ya bati yalikuwa yanaingia humu. Fukua, lisafishe, rudisha bomba la kuteremsha maji. Kwa shida ya maji ya hapa, nyumba yenye maji yake haimbembelezi mnunuzi." Akapangusa viatu kwenye majani, ingawa vumbi halikutoka. "Mwambie Shabani ataje sitini, asishuke chini ya hamsini na tano. Na hati isitoke mikononi mwenu kabla hela haijaingia yote. Kaza bei, lakini usikawie. Mguu unauma zaidi wakati wa masika."

Nikataka kumjibu, simu ikaita mfukoni. Namba ya dalali. Nikaitazama, nikamtazama yeye, akawa anazunguka kona ya nyumba kuelekea mbele, mikono bado nyuma. Nikapokea.

"Dada, naomba unisamehe sana. Niko Mlandizi, pikipiki imenifia njiani. Naweza kuja kesho?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nilizunguka ile kona. Barazani hakuna mtu. Sebuleni hakuna mtu, na sakafu niliyokuwa nimeipangusa haikuwa na alama ya kiatu isipokuwa ndala zangu. Nikaenda getini. Mnyororo upo, kufuli limefungwa, na ufunguo ninao shingoni kwenye kamba. Ndipo nikaanza kujiuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza tangu mwanzo. Aliingilia wapi? Jina la Shabani nilimtajia saa ngapi? Na mguu nilimwambia nani?

Utadhani nilipiga kelele. Wala. Hofu ilikuja baadaye, tena kidogo. Kilichonijaa pale ni hamu ya kujua, ile inayokufanya usitulie. Nikamwita jirani yetu, Mwalimu Agripina, mama wa Bukoba ambaye amekaa upande wa pili wa ukuta tangu baba akiwa hai. Alikuwa uani kwake anaanua nguo. Nikamwuliza kama ameona mtu akitoka.

Akaweka nguo kwenye beseni polepole.

"Dada, mimi nimekuona unatembea na baba yako," akasema. "Ana kofia yake ya kufuma, anachechemea vilevile. Nikaingia ndani nikasali. Nimetoka sasa hivi tu, nikidhani mmemaliza."

"Kijana mwenye shati jeupe?"

"Kijana gani? Mzee wako. Mimi nimemzika yule mzee, ningemsahau?"

Sasa niambie, hapo ungefanya nini? Mimi niliona kijana, yeye aliona mzee, na wote tuliangalia uani palepale, saa ileile.

Kesho yake fundi rangi aliporudi nilimpa jembe badala ya brashi. Hakufurahi. Alichimba akinung'unika mpaka jembe lilipogonga zege. Tulifukua mfuniko, tukauinua kwa nondo. Chini yetu kulikuwa na tangi la saruji, kavu, limesilibwa vizuri, halina hata ufa. Fundi alinitazama akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimeambiwa na mwenye nyumba.

Nilikwenda Vihingo mwisho wa juma. Mama alikuwa kibarazani amekaa upande, kama alivyozoea kwa ajili ya nyonga, anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za rangi. Nikaingia kwa mbali.

"Mama, uani Tangini kulikuwa na tangi?"

Kisu kikasimama.

"Nani kakwambia?"

"Lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Ulipoanza kutambaa nikasema mimi silali na shimo la maji mlangoni. Tuligombana na baba yako wiki nzima. Siku moja akaliwekea mfuniko, akafukia juu bila kusema neno, na hakulizungumza tena mpaka anakufa. Shabani hajazaliwa hata. Nani kakwambia?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kugonga ukuta, mama aliugeuza mkono, akagonga kigoda kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa upande.

"Hivi?"

"Hivyohivyo."

"Na shati jeupe, jepesi? Kalamu hapa?"

Kumbuka mimi sikuwahi kuona picha ya baba akiwa kijana. Zilikuwa sandukuni, mvua ya mwaka mmoja iliingia ikazigandanisha zote. Baba niliyemjua alikuwa na mvi na mguu mbovu. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akatazama njia ya kuingilia kwake, akakasirika. Ndiyo, alikasirika! Mimi nilitegemea machozi.

"Miaka yote hii nalala huku peke yangu, hajanijia hata ndotoni. Anakuja kwa habari za nyumba! Habari zangu aliuliza?"

"Hakuuliza, mama. Ila alisema tusikawie. Alisema mguu unauma zaidi wakati wa masika."

Mama aliweka kiganja juu ya nyonga, akakiacha hapo. Kuku alisogea akadonoa maganda ya mihogo, hakumfukuza.

"Ni kweli," akasema baadaye, kwa sauti ndogo. "Masika naumwa mpaka natafuna kanga. Sijamwambia mtu."

Shabani alikuwa mgumu zaidi. Nilipomtajia bei mpya alinifokea kwenye simu, akasema nachezea afya ya mama kwa ajili ya njozi. Nilimwambia aje Tangini. Akaja, akashuka ndani ya tangi kwa ngazi, akapapasa kuta zake, akatoka, akakaa kwenye ukingo. Bado hakukubali moja kwa moja. Aliyemfundisha ni yule bwana wa gari jeusi. Tulipomwambia hati atapewa akishamaliza kulipa, alianza kupotea kwenye simu. Baada ya muda tukasikia kwamba mtaa wa pili aliipata hati ya familia moja kwa maneno yaleyale, akaiweka rehani benki, akachukua mkopo, akatoweka. Watu wale walikuwa bado wamo ndani ya nyumba ambayo si yao tena. Shabani alinipigia usiku ule, akaniuliza swali moja tu: yule kijana alilitaja jina lake kweli? Nikamwambia kweli. Nikamsikia anavuta kamasi.

Dalali wa kweli alikuja baadaye, mtu mnene mchangamfu, asiyefanana na mgeni wangu hata kidogo. Alipoona tangi limejaa mvua ya kwanza ya vuli akasema hapa usishuke chini ya hamsini na tano. Nikamwomba arudie, akarudia. Nyumba ilinunuliwa na muuguzi na mumewe. Walivutana nasi kidogo, kama wanunuzi wote, tukamaliziana juu ya ile alama tuliyowekewa. Mama akapasuliwa kabla ya masika. Leo anatembea na fimbo moja, na akiwa na hasira anaisahau.

Lakini mambo haya hayakuondoka na nyumba. Mimi siwezi kuingia nyumba ya mtu bila kugonga ukuta. Nimefanya hivyo hadi ukweni, wakanitazama. Na mama, kila ikifika alasiri, anaoga, anabadilisha kanga, anakaa kibarazani akiwa ameelekea njia. Anasema anapunga upepo. Upepo Vihingo unatokea upande mwingine.

Zamani nikimaliza kusimulia kisa hiki nilikuwa natoa onyo: ukiwa unauza nyumba ya marehemu, akija mtu kukadiria bei, muulize jina kwanza kabla hujamfungulia vyumba. Siku moja mama alinisikia nikiwaambia wageni hivyo. Akanikatiza mbele yao.

"Usiwafundishe watu ujinga. Ungemwuliza jina angeondoka kabla hajasema habari ya mguu wangu."

Kwa hiyo onyo langu nimelibadilisha, lishike hivi. Akija, mzungushe nyumba nzima, na usimwulize jina. Na simu yako izime. Mimi kuna mengine alikuwa bado hajayamaliza kusema.