Jibu la Bi Zuwena Nililolikata

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, nilipoitwa na Bi Zuwena nyumbani kwake Mji wa Kale, nikadhani naenda kupongezwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kichwa kimenijaa sifa. Filamu yangu ya kwanza ya maisha halisi ilikuwa imeonyeshwa ukumbini wiki mbili nyuma, na watu walilia. Machozi yao niliyafanya cheti changu.

Filamu yenyewe ilimhusu yeye. Bi Zuwena alikuwa mjane, akitunga vikuba, vile vishada vya asumini na rihani vya maharusi, na kwa kazi hiyo alimsomesha bintiye wa pekee, Maimuna, aliyekuwa karani na ameolewa mtaa wa Ganjoni. Siku nne alinipokea na kamera yangu kama mwanawe wa kuzaa. Nilimwuliza kwa nini Maimuna hakuirithi kazi ile. Akasema, “Maimuna hakuishika kazi hii.” Akanyamaza kitambo. Kisha akaeleza kwamba ni yeye mwenyewe aliyemkataza asiishike ili asome, na kwamba kila Ijumaa binti huyo huja kumkanda mgongo.

Nilipokaa kuhariri niliona jibu ni refu, tena halina uchungu. Nikalikata pale penye kimya. Halafu nikachukua picha ya siku nyingine, Bi Zuwena akijifuta macho yaliyowashwa na moshi wa udi, nikaiunga papo hapo. Sasa akawa mama anayemlilia mtoto aliyemtupa. Sikuongeza hata neno moja la uongo, mwanangu, na hiyo ndiyo hatari ya kazi hii: vipande vya kweli vitupu vikiungwa vibaya huzaa uongo.

Basi adhuhuri ile nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanimiminia kahawa. Hakunifokea. Alinieleza taratibu kwamba Maimuna alikuwa ukumbini siku ile, ameketi na wakwe zake, na tangu hapo wanamwuliza ni mtoto gani yeye. Ijumaa mbili zimepita hajaonekana.

“Mimi nilikupa maneno yangu yote, mwanangu, uchukue yatakayokutosha,” akasema. “Machozi sikukupa. Hayo uliyatoa wapi?”

Nilitaka kujitetea kwamba filamu haiwezi kubeba kila neno, na kweli haiwezi. Lakini machozi yale niliyaunga mimi. Wazee walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa kwa ulimi wa mwenzangu. Nikamwomba radhi. Akaniambia yake ninayo, ya Maimuna nikaitafute kwake.

Kesho yake nikaenda Ganjoni na ile kanda nzima, isiyokatwa. Maimuna alikaribia kunifungia mlango. Mama mkwe wake ndiye aliyesema niachwe niingie. Tukaitazama sote watatu: swali, jibu, kile kimya, na yaliyofuata. Bi Zuwena aliposema, “Nilimkataza mimi, ili asome,” Maimuna akainama.

“Sikuijua sababu hiyo,” akasema baadaye. “Miaka yote nilidhani aliniona sina mikono ya kazi.”

Niliona haya, mwanangu, kupita siku ile kwa Bi Zuwena. Nililolitupa kwa kuliona halina uchungu ndilo alilolingoja tangu utotoni.

Ijumaa ile alikwenda kwa mamake, na mama mkwe akafuatana naye. Mimi niliihariri upya filamu, nikaionyesha katika ukumbi uleule, nikasimama mbele za watu kusema nilichofanya. Walikuja wachache. Wako ambao mpaka leo wanaamini Maimuna alimtupa mamake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nawe leo una kamera na mkasi ndani ya simu yako. Kata, sikukatazi, kukata ndiyo kazi. Ila umsikilize mtu mpaka mwisho kabla hujakata, na uso wa mtu usiuunge na neno ambalo uso huo haukulijibu. Tena mwenye maisha yake aione filamu kabla ya wageni. Akikuambia “huyu si mimi,” rudi mezani ukaanze upya, hata ikikuuma.

Mola akupe jicho la huruma na sikio lenye subira. Kila atakayekufungulia mlango wake, akufungulie na mara ya pili. Amin.