Nyumba Isiyo na Kikwazo

Dada yangu hajui kutulia. Nasema hivyo kwa mapenzi, na siku nyingine kwa hasira. Hata akila, nusu ya mwili iko nje ya kiti. Mafundi anaowasimamia kwenye ujenzi wa maghorofa walimbandika jina la Chapuchapu, nalo likamganda mpaka nyumbani. Mumewe, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache lakini yenye pilipili, aliwahi kuniambia sebuleni kwao, "Shemeji, mimi ni mgane ambaye mkewe hajafa."

Kuta za nyumba ile ni nyembamba, na maneno yakamfikia mwenyewe. Hakulia wala hakugomba. Alifanya anachofanya kila jambo linapomwelemea: alitafuta mpango. Kazini walikuwa wamempeleka kwenye mafunzo ya usimamizi wa miradi, akarudi ameamini kwamba kama ghorofa zinasimama kwa ratiba, familia ya watu watano haiwezi kumshinda.

Basi nyumba ikawa mradi. Kazi ziligawanywa, kila moja na mwenyewe. Jumapili simu ya kazini ilikuwa haipokelewi, hata mbingu ianguke. Na kila asubuhi, kabla watoto hawajaenda shule, walifanya kikao wakiwa wamesimama kati ya meza na friji, ili mtu asinogewe na maneno. Kila mmoja alijibu maswali yale yale: jana umefanya nini, leo utafanya nini, una kikwazo gani?

Haki yake nitampa, mambo yalibadilika. Alianza kurudi nyumbani jua likiwa bado linawaka. Alikwenda kumtazama mwanawe akicheza mpira na akabaki mpaka filimbi ya mwisho. Shemeji akaanza kupiga mluzi huku akipiga pasi. Dada akanipigia simu kujigamba: "Mdogo wangu, kwangu siku hizi hakuna kikwazo hata kimoja. Njoo ujifunze."

Nilisonya. Mimi ni msusi, watu hunisimulia maisha yao wakiwa wameinamisha vichwa, na mtu asiye na tatizo hata moja bado sijamsuka.

Nikaenda, nikalala huko ili nisikose kikao. Asubuhi shemeji alisema yake, watoto wakasema yao mbiombio, utadhani wanakariri shairi. Wa mwisho alikuwa mama yetu, ambaye anaishi nao tangu baba alipofariki. Alisimama ameshika ukingo wa meza.

"Jana nilipumzika, leo nitapumzika," alisema. "Kikwazo sina, mwanangu."

"Safi sana," dada akajibu, huku akisaka kiatu cha pili.

Mama akataka kunimiminia chai mimi mgeni. Akashika chupa, akainamisha, na chai ikaanza kumwagikia mezani, kando ya kikombe. Binti wa dada hakushtuka hata kidogo. Alikisukuma kikombe taratibu mpaka kikakaa chini ya mchirizi wa chai, kwa mkono wa mtu aliyezoea kazi hiyo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu lini nini?" dada akasema, kiatu kimoja mguuni.

"Mama haoni, dada."

"Naona," mama akadakia. "Sema tu siku hizi kuna kiza kiza."

Dada alimgeukia mumewe. "Ulijua?"

"Nilijua kidogo. Alinikataza nisikwambie."

"Na wewe?" akamuuliza bintiye.

Mtoto akatazama sakafu. "Mtu akisema ana kikwazo unakasirika, mama. Kaka alisema kiatu chake kimechanika, ukamfokea kwa nini hakusema mapema. Kikao kikawa kirefu, ukachelewa kazini."

Hapo ndipo hasira zilinipanda. Dada yangu huyu, fundi akimwambia "hakuna shida, Injinia," hupanda ngazi mwenyewe, akagonga kigae kimoja kimoja kusikiliza kama chini yake pana uwazi. Anajua fika kwamba fundi mwoga hufunika ufa kwa rangi. Lakini nyumbani kwake aliamini kila alichoambiwa, kwa sababu ndicho kilichomruhusu kuondoka. Nilimwambia hivyo hivyo mbele ya wanawe, wala sijutii.

"Msigombane," mama akasema. "Nyumba ilikuwa imeanza kucheka. Anarudi mapema, watoto wana furaha. Mimi nani nianze habari za hospitali, niwavurugie?"

Tulimpeleka siku ile ile. Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia limebakiwa na sehemu ndogo. Dada alimkaba kwa maswali ya kazini: tiba itachukua muda gani, tukiongeza fedha itakuwaje, kuna njia ya mkato? Daktari alimsubiri amalize.

"Hapa hakuna cha kuharakisha, mama," akamwambia. "Lililopotea halirudi. Tutalinda lililobaki."

Nilimhurumia dada. Tangu utotoni sikuwahi kumwona akikosa la kupanga, na njia nzima ya kurudi alifungua pochi, akaifunga, akaifungua tena, bila kutoa kitu.

Tulipofika, simu yake ya kazini ikalia. Aliitazama, akaizima. Akaja kwenye kochi akaketi karibu na mama, upande wa kushoto, akaanza kulia kwa kujibana, asitoe sauti. Hakugusa mtu, hakusema neno. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yao, nimeshika kichupa cha dawa.

Mama alitega sikio. Kisha akaniinamia, akashusha sauti, akaniuliza, "Ameshaondoka?"